Msamiati wa Kihispania: ushike mizizi ya Kilatini, Kiitaliano cha Malindi au kadi za kukariri?

Mtu wa pwani yetu anayetaka Kihispania anaanza na faida ambayo wengi hawaitambui. Irabu za lugha hiyo ni tano zile zile zetu, a, e, i, o, u. Herufi yao ñ ni ny ya nyumba. J yao inatoka kooni kama kh ya Kiarabu, z ya Madrid ni th ya thelathini, na d inapokaa katikati ya irabu inakaribia dh ya dhahabu. Kwa hiyo matamshi hayamsumbui sana. Kazi iliyobaki, tena kubwa, ni maneno: maelfu ya maneno ya kuingia kichwani na kukaa humo.

Njia za kuyaingiza ni nyingi, na vijana wa Malindi na Lamu wanaotaka kuongoza watalii, kuhudumu hotelini au kusoma ng'ambo huuliza ipi iliyo bora. Nalinganisha hapa nne: mizizi ya Kilatini, Kiitaliano ambacho wengi wa Malindi wanacho tayari, kadi za kukariri, na hazina ya maneno ambayo Kiswahili chenyewe kinashiriki na Kihispania. Jibu langu nalitoa mapema. Mwenye Kiitaliano aishike mizizi ya Kilatini tangu wiki ya kwanza, maana itamlipa kuliko kitu kingine chochote. Asiye na Kiitaliano asianze na Kilatini hata kidogo. Aanze na kadi na maneno ya nyumbani, kisha Kilatini akiite baadaye, akishakuwa na maneno mia kadhaa.

Njia ya mizizi inakupa nini

Hakuna anayekutaka ujifunze Kilatini chenyewe, na majina yake yanayobadilika mwisho kila yanapohama nafasi katika sentensi. Unachojifunza ni namna neno la Kilatini lilivyogeuka hadi likawa la Kihispania, na mageuzi hayo yalikwenda kwa utaratibu. Kanuni sita zinatosha kuanzia.

Ct ya Kilatini ikawa ch: noctem ikawa noche (usiku), octo ikawa ocho (nane), lactem ikawa leche (maziwa), tectum ikawa techo (paa). F ya mwanzoni ikafifia hadi ikabaki h isiyotamkwa: farina ikawa harina (unga), furnus ikawa horno (tanuri), fumus ikawa humo (moshi). Pl, cl na fl za mwanzoni zikawa ll: pluvia, clavis na flamma zikazaa lluvia (mvua), llave (ufunguo) na llama (mwali wa moto). E na o fupi zenye mkazo zikapasuka zikawa ie na ue: terra ikawa tierra (ardhi), porta ikawa puerta (mlango). P, t na c zilizobanwa katikati ya irabu zikalainika kuwa b, d na g: lupus ikawa lobo (mbwa mwitu), vita ikawa vida (maisha), amicus ikawa amigo (rafiki). Na neno lililoanza kwa s iliyofuatwa na konsonanti likapewa e mbele yake: schola ikawa escuela (shule), stella ikawa estrella (nyota). Kanuni hii ya mwisho Mswahili anaielewa bila kufundishwa, kwa kuwa ulimi wetu nao unatafuta irabu ya kuegemea. Ndiyo maana tunasema kilabu na buluu.

Kuna orodha ya kale ya Kilatini iitwayo Appendix Probi ambayo naipenda sana. Mwalimu asiyejulikana jina aliwaandikia wanafunzi wake makosa ya kuepuka: semeni speculum, msiseme speclum, semeni oculus, msiseme oclus, auris, si oricla, vetulus, si veclus. Yale makosa ndiyo yaliyoshinda. Kutokana nayo Wahispania wana espejo (kioo), ojo (jicho), oreja (sikio) na viejo (mzee). Humo humo mwalimu anakataza mesa badala ya mensa, na lile alilolikataza ndilo Wareno walilotuletea, tukaliita meza. Orodha ile inaonyesha kwamba Kihispania kilitoka midomoni mwa watu wa sokoni na shambani, na jambo hilo lina manufaa kwa mwanafunzi. Maneno ya mdomoni yaligeuka sana. Maneno ya makasisi, mahakimu na waganga yalichukuliwa baadaye kutoka vitabuni yakiwa karibu mazima. Basi usiku ni noche lakini cha usiku ni nocturno. Maziwa ni leche lakini cha maziwa ni lácteo. Mvua ni lluvia lakini cha mvua ni pluvial. Chuma ni hierro lakini reli ni ferrocarril. Ukishaijua kanuni, neno moja la Kilatini linakupa mawili ya Kihispania, la nyumbani na la ofisini.

Kisha zipo familia. Kutokana na ventus, upepo, unapata viento (upepo), ventana (dirisha, pale upepo unapoingilia) na ventilador (feni). Kutokana na tenere, kushika, unapata tener (kuwa na), mantener (kudumisha), contener (kuwa na kitu ndani), detener (kuzuia), obtener (kupata) na sostener (kutegemeza). Sisi tuliokua tukisema soma, somea, somesha, somo na msomi, tunaijua hesabu hii tangu utotoni, na nadhani ndiyo sababu njia ya mizizi humkaa vizuri msemaji wa Kiswahili akishaonyeshwa mara moja.

Udhaifu wake lazima usemwe wazi. Mzizi unasaidia kutambua neno ulilokutana nalo kwenye maandishi. Hausaidii sana kulitoa neno mdomoni kwa haraka. Mgeni aliyekaa mezani akakuomba tenedor anataka uma sasa hivi, na hapo huna nafasi ya kukumbuka kwamba tenere ni kushika na uma ni kishikio. Tena kanuni zina walioziasi: focus ikawa fuego (moto) na f yake ikabaki, vivyo hivyo fiesta, na plagia ikawa playa (ufuo), haikuanza na ll. Na maneno mengine ya kila siku hayana Kilatini ndani yake. Izquierda, kushoto, linatoka kwa Wabasque. Perro, mbwa, asili yake wanaisimu hawajakubaliana.

Kiitaliano cha Malindi: daraja lenye mbao zilizolegea

Malindi na Kiitaliano wamezoeana siku nyingi. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti Ngomeni, na kutoka jukwaa la San Marco baharini walirusha ya kwanza mwaka 1967. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaruka hapo setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru. Baada yao wakaja wenye mahoteli, wenye nyumba na watalii. Leo mji una wauza vinyago, wapishi na madereva wengi wa tuktuk wanaozungumza Kiitaliano walichokiokota kazini bila kukaa darasani.

Mtu huyo akisikia Kihispania, nusu anaielewa. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba msamiati wa lugha hizi mbili unafanana kwa asilimia 82. Mar, sol, luna, vino, vela na barca havimhitaji mwalimu. Hata samaki wanakubali: pweza ni polpo kwa Kiitaliano na pulpo kwa Kihispania, ngisi ni calamaro na calamar, kambakochi ni aragosta na langosta.

Hatari inaanza anapodhani kwamba abadilishe mwisho wa neno tu na mambo yatakwenda. Tazama safu hizi:

| Kilatini | Kiitaliano | Kihispania | Maana |
|---|---|---|---|
| noctem | notte | noche | usiku |
| tectum | tetto | techo | paa |
| factum | fatto | hecho | kilichofanywa |
| septem | sette | siete | saba |
| ruptum | rotto | roto | kilichovunjika |
| plenus | pieno | lleno | kilichojaa |
| petra | pietra | piedra | jiwe |
| clavis | chiave | llave | ufunguo |
| vetulus | vecchio | viejo | mzee |

Kiitaliano kimezifanya ct na pt zote kuwa tt. Mwenye Kiitaliano peke yake akiona notte na sette hana namna ya kujua kwamba moja itatoa ch na nyingine t. Kilatini kinamwambia: palipokuwa na ct weka ch, palipokuwa na pt weka t. Vivyo hivyo pi ya pieno ilikuwa pl, ndiyo ikawa ll, lakini pi ya pietra ilikuwa p tu yenye e iliyopasuka, ndiyo ikabaki p. Chi ya chiave ilikuwa cl ya mwanzoni, ikazaa ll. Cchi ya vecchio ni ile veclus aliyoikataza mwalimu wetu, cl iliyokuja katikati ya neno, nayo ikazaa j. Hapa ndipo mizizi na Kiitaliano vinapoacha kushindana. Kiitaliano kinakupa neno lenye sura iliyo karibu na ya Kilatini, na Kilatini kinakuambia neno hilo lipite mlango gani kuingia Kihispania. Mtu wa Malindi mwenye Kiitaliano kizuri akikaa na kanuni zile sita kwa bidii, maneno aliyo nayo yatageuka mamia kwa mamia, na sijui njia nyingine inayoweza kumfanyia hivyo kwa muda mfupi.

Yapo maneno ambayo hata Kilatini hakiyaokoi, na haya ni ya kukariri moja kwa moja, hasa kwa anayehudumu mezani. Burro ni siagi kwa Mwitaliano na punda kwa Mhispania. Siagi kwake ni mantequilla. Aceto ni siki kwa Mwitaliano, lakini aceite kwa Mhispania ni mafuta, na siki ni vinagre. Gamba ni mguu kwa mmoja na kamba wa baharini kwa mwingine. Caldo ni moto kwa Mwitaliano, na kwa Mhispania ni supu nyepesi. Salire ni kupanda, salir ni kutoka nje. Ukimwambia mgeni kwenye ngazi ya mashua neno lisilo lake, ataelekea kusiko. Largo ni pana kwa mmoja na refu kwa mwingine.

Na jinsia za nomino nazo zinageukana. Maziwa, chumvi, asali, damu na ua ni za kiume kwa Kiitaliano: il latte, il sale, il miele, il sangue, il fiore. Kwa Kihispania zote tano ni za kike: la leche, la sal, la miel, la sangre, la flor. Sisi tunaoishi na ngeli tunajua jinsi kosa dogo la upatanisho linavyokwaruza sikio, basi hizi tano zistahili kadi zao.

Kadi

Kadi zinajulikana: neno upande mmoja, maana upande wa pili, na unalirudia kwa vipindi vinavyorefuka. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia, na programu za simu kama Anki zimejengwa juu ya wazo hilo. Ubora wake ni kwamba hazibagui. Tenedor, perro, izquierda, mañana, zote zinaingia kwa bei moja, na zinatoka mdomoni kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kutoa. Kasoro ni kwamba kila neno linasimama peke yake, na baada ya mwezi mmoja au miwili mtu huchoka. Maneno mia tano ya kwanza, hakuna kinachozishinda. Baada ya hapo zinahitaji mwenzi.

Maneno tuliyo nayo nyumbani

Njia hii nadra kuiona ikifundishwa, na kwa mtu wa Lamu ndiyo ningeiweka mbele. Waislamu waliishi na kutawala sehemu za Hispania kuanzia 711 hadi 1492, na Kiarabu chao kiliacha maneno mengi sana. Kiarabu hicho hicho ndicho kilichotulisha sisi. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, yasmini ni jazmín, narinji ni naranja, sifuri ni cero. Kadhi wetu kule amekuwa alcalde, meya wa mji. Diwani imekuwa aduana, yaani forodha. Hazina ina mzizi mmoja na almacén, ghala.

Aliyesoma madrasa ana ufunguo wa ziada. Kwa nini azúcar haina l wakati alcalde inayo? Kwa sababu zile zile za herufi lamu, yaani l ya Kiarabu, lamu shamsia na lamu kamaria, alizofundishwa kwenye tajwidi. Mbele ya s, z, d na r, lamu inamezwa: as-sukkar, az-zayt, ad-diwan, ar-ruzz, ndiyo azúcar, aceite, aduana na arroz (mchele). Mbele ya q na m inasikika: al-qadi, al-qutn, al-makhzan, ndiyo alcalde, algodón (pamba) na almacén. Mwanafunzi wa Madrid anakariri haya bila kujua kwa nini. Mtoto wa Langoni, Lamu, anaona sababu mara moja.

Lakini neno lenye thamani kuliko yote katika kundi hili ni dogo: hasta. Linatoka katika hatta ya Kiarabu, kama hata yetu, na linafanya kazi zake zote mbili. Hasta mañana ni hadi kesho. Hasta los niños lo saben ni hata watoto wanalijua. Jirani yake ni ojalá, neno la kutamani jambo litokee, nalo ndani yake limebeba jina la Mwenyezi Mungu kama inshallah yetu.

Fungu la pili ni la Kireno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakabaki pwani hii hadi walipoipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698. Maneno waliyoyaacha ni ndugu wa Kihispania: meza na mesa, bendera na bandera, mvinyo na vino, padri na padre, kasha na caja, gereza (asili yake kanisa) na iglesia, roda ya kupandishia tanga na rueda, gurudumu. Wacheza karata barazani wana zaidi. Kopa ni copa, kikombe. Shupaza ni espada, upanga. Uru ni oro, dhahabu. Na turufu ni triunfo. Pau lilikuwa fimbo, na ndugu yake wa Kihispania, palo, ndilo neno wanaloitia kila moja ya aina nne za karata.

Upungufu wa njia hii ni ukubwa wake. Ukikusanya yote utapata labda maneno mia moja au mia mbili yenye faida, kisha yanakwisha. Hayawezi kukufikisha safari. Yanafaa kama mwanzo, kwa sababu yanakaa kichwani bila jasho na yanampa mtu moyo.

Kiingereza cha shuleni nakitaja kwa ufupi. Kina Kilatini kingi, ila ni kile cha vitabuni, kwa hiyo kinakusaidia kwenye nocturno na manual, na kinakuacha kwenye noche na mano. Nacho kina mitego: embarazada ni mjamzito, hakuna aibu yoyote ndani yake, éxito ni mafanikio, wala si mlango wa kutokea, librería ni duka la vitabu.

Nani achague nini

Mhudumu, mpishi au mwongoza watalii wa Malindi mwenye Kiitaliano: jedwali la juu ndilo lako. Andika maneno ya Kiitaliano unayoyatumia kila siku, tafuta Kilatini chake, yapitishe kwenye kanuni, kisha hakiki ulichopata. Kadi tumia kwa maneno ya kudanganya kama burro na aceto, kwa jinsia, na kwa yale ambayo lugha mbili hazishirikiani kabisa: comer na mangiare (kula), ventana na finestra (dirisha), queso na formaggio (jibini). Usipoteze muda wako kukariri pulpo.

Nahodha au mwenye nyumba ya wageni Lamu au Shela asiye na Kiitaliano: anza na maneno ya nyumbani, wiki moja yatosha, kisha kadi hadi mia tano, ukichagua yale ya bahari, chakula, saa na bei. Hapo ndipo ufungue kanuni sita. Ukizifungua kabla, utakuwa na kanuni lakini huna maneno ya kuzijaribia, na utachoka bure.

Mwanafunzi anayelenga chuo, au anayetaka kusoma magazeti ya Mexico na Argentina: mizizi hutaiepuka, maana maandishi rasmi yamejaa tabaka la vitabuni. Kwako na kwa yule wa Malindi kuna chombo kimoja kisicho na malipo. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, iko wazi kwenye intaneti, na maingizo mengi yanaanza kwa asili ya neno. Ukiona Del lat., neno ni la Kilatini, lipeleke kwenye kanuni. Ukiona Del ár. hisp., ni Kiarabu cha Hispania, litafutie ndugu katika Kiswahili kwanza. Usipoona asili yoyote, au ukaona De or. inc., yaani asili haijulikani kwa hakika, usihangaike na mzizi: litengenezee kadi.